Mkono Unaoota Vidole: Jinsi ya Kutengeneza Filamu Fupi ya Katuni ya Ajabu, Hatua kwa Hatua

Filamu nyingi za ajabu hufa kwa kuzidisha uajabu. Kiti kinapaa, samaki kavaa koti, ukuta unatoa ulimi, na ikifika sekunde ya 20 mtazamaji ameshachoka, maana panapoweza kutokea lolote hakuna tena la kumshtua. Ndotoni mambo hayaendi hivyo. Ndotoni chumba ni kile kile unachokijua, ila jambo moja limekosewa, na hakuna anayelishangaa.

Kwa hiyo tunafanya kazi kwa sheria moja isiyowezekana, itiiwe kwa ukali tangu mwanzo hadi mwisho, na kila kingine kiwe cha kawaida hadi kichoshe. Mfano tutakaoufuata ni wa sekunde 60, wa vitu na plastisini (udongo laini wa kufinyangia usiokauka), unaopigwa picha moja moja. Kuna kabati la droo tano na mkono mmoja ulioingia kwenye shati lenye kifungo kilichong'oka. Mkono unakitafuta kifungo. Sheria: kila droo inapofungwa, mkono unaota kidole kimoja zaidi. Droo ya tano ndiyo yenye kifungo, lakini mkono umeshakuwa mpana kupita droo.

Sheria hii ina faida tatu kwa anayeanza. Hakuna uso wala mdomo wa kuhuisha, yaani kuufanya uonekane unatembea. Mtazamaji anaweza kuhesabu. Na mwisho umo ndani ya sheria yenyewe, hauhitaji kutafutwa. Ukitunga ya kwako, ipime kwa hayo mawili ya mwisho. Sheria isiyoishiwa, kama vile "vitu vinabadilika rangi", itakuacha dakika nzima bila pa kusimama. Saa zinazoyeyuka, macho yanayoota ukutani na meno yanayodondoka yaache. Yamechosha.

1. Gawa sekunde kabla ya kugusa plastisini

Filamu itaonyeshwa kwa fremu 24 kwa sekunde, lakini kila picha utaishikilia fremu mbili. Maana yake ni picha 12 kwa sekunde, na sekunde 60 ni picha 720. Anayeanza, akiwa na seti tayari, hupata kati ya sekunde 5 na 10 kwa siku ya kazi. Panga ratiba kwa hesabu hiyo, si kwa matumaini.

Chora kila shoti, yaani kipande cha filamu kisichokatwa, kwenye karatasi yake, kisha andika muda:

Shoti 1: kabati zima, mkono unaingia kutoka juu. Sekunde 5.
Shoti 2: droo ya kwanza inafunguliwa, inapekuliwa, inafungwa. Sekunde 9.
Shoti 3: karibu, kidole cha sita kinaota. Sekunde 3.
Shoti 4: droo ya pili. Sekunde 7.
Shoti 5: karibu, kidole cha saba. Sekunde 3.
Shoti 6: droo ya tatu, kidole cha nane kinaota hapo hapo bila kukata. Sekunde 6.
Shoti 7: droo ya nne, mkono unaingia kwa kukwaruza kingo, kidole cha tisa. Sekunde 9.
Shoti 8: droo ya tano imefunguliwa, kifungo kinaonekana. Sekunde 4.
Shoti 9: mkono unajaribu kuingia, haupiti. Sekunde 9.
Shoti 10: droo inajifunga yenyewe. Sekunde 5.

Angalia jinsi droo ya pili na ya tatu zinavyofupishwa. Mtazamaji ameshaielewa sheria, ukimrudishia kwa mwendo ule ule atasinzia. Droo ya nne inarefushwa tena kwa sababu hapo sheria inaanza kuuma.

Piga picha michoro hiyo kwa simu, ipange kwenye programu ya kuhariri kwa muda ulioandika, rekodi sauti za mdomo juu yake, utazame. Kosa la kupanga likionekana hapa linarekebishwa kwa dakika tano. Likionekana baada ya kupiga picha, linakula siku mbili. Piga pia shoti moja ya akiba: kishikio cha droo kwa karibu, kimetulia, sekunde 2. Utaihitaji pale kitu kitakapogongwa katikati ya shoti.

2. Kabati na seti

Tumia plaiwudi ya milimita 5. Kila droo iwe na upana wa nje wa milimita 98, ndani ibaki 88, kimo cha ndani milimita 50, urefu kwenda nyuma milimita 120. Nafasi ya kabati inayoipokea iwe na upana wa milimita 100. Ule mwanya wa milimita moja kila upande unatosha droo kuteleza bila kuyumba. Ukiubana zaidi utalazimika kusukuma kwa nguvu, na kabati zima litasogea nawe.

Hiyo 88 ndiyo namba inayobeba filamu. Kiganja cha vidole vitano kina upana wa milimita 60, na kila kidole kinachoongezeka kinaongeza 8: 60, 68, 76, 84, 92. Kiganja cha vidole vinane chenye 84 kinapita kwa shida. Cha vidole tisa, 92, hakipiti. Mtazamaji hapimi kwa rula, lakini jicho lake linajua kama mkono kweli haupiti au unaigiza tu.

Toboa tundu nyuma ya kila droo kwenye mgongo wa kabati na upitishe kijiti chenye alama za milimita. Droo utaisogeza kwa kijiti hicho kutoka nyuma, hivyo vidole vyako havitakaribia upande wa kamera. Chini ya droo bandika tone la gundi laini ya kubandikia karatasi ukutani ili isirudi yenyewe kati ya picha na picha.

Sakafu ya seti iwe ubao wa milimita 18 uliofungwa mezani kwa klampu. Kabati likazwe kwa skrubu kutoka chini ya ubao huo. Gundi peke yake haitoshi, itaachia siku ya tatu. Ukuta wa nyuma upakwe rangi iliyofifia, ya kijivu au kijani kilichopauka, na isiyong'aa.

3. Mikono mitano na vidole vinane vidogo

Wengi hujaribu kutumia mkono mmoja na kuuongezea vidole. Usifanye hivyo. Kiganja lazima kipanuke, na plastisini iliyokandwa mara nne inabadilika rangi. Tengeneza mikono mitano.

Mifupa ni waya wa alumini. Kwa kila kidole sokota nyuzi mbili za milimita 1 pamoja: funga ncha moja kwenye jiliwa, nyingine kwenye drili, uzungushe polepole. Waya uliosokotwa unapinda kwa utulivu na haurudi ulikotoka. Waya mmoja mnene hurudi kidogo kila unapouachia, na harakati zako zote zinakuwa na mtetemo. Vidole vyote vikutane katikati ya kiganja, vishikwe kwa gundi ya vyuma ya kuchanganya sehemu mbili. Kutoka hapo utoke waya wa milimita 3 kupitia kifundo hadi ndani ya shati.

Alumini ina umri. Inapinda mara kadhaa mahali pale pale, kisha inakatika bila kutoa taarifa, kwa kawaida kwenye shina la kidole cha shahada. Kwa hiyo mkono wa vidole vitano, ambao unafanya kazi nyingi zaidi, utengenezee pacha.

Funika waya kwa plastisini yenye unene wa milimita 4 hivi, na vidole virefushwe hadi milimita 45. Ukizidisha unene, mkono unakuwa mzito na vidole vitalegea usiku ukiwa umelala. Alama za vidole vyako zifute kwa brashi laini yenye mafuta kidogo sana. Maji hayasaidii kitu, plastisini inayakataa. Usizifute zote, lakini. Ngozi iliyolainishwa mno inaonekana kama sabuni, na alama chache zinazotembea zinaupa mkono uhai usioeleweka unatoka wapi.

Sasa kidole kinachoota. Hukihuishi kwa kukivuta, unakibadilisha. Tengeneza vipande vinane vyenye urefu huu kwa milimita: 2, 5, 10, 19, 30, 40, 47, 45. Kila kimoja kinakaa picha moja, yaani fremu 2, kwa hiyo kidole kizima kinaota kwa fremu 16, ambazo ni theluthi mbili za sekunde. Kinaanza taratibu, kinaharakisha katikati, kinapitiliza kwa milimita 2, kisha kinarudi. Kurudi huko ndiko kunakoonyesha kwamba kidole kina nyama. Kikikoma tu kwenye 45 kitaonekana kama kijiti kilichochomekwa.

Seti moja ya vipande inatumika mara zote nne. Mkono wa zamani utoe na kuweka mpya, wenye kiganja kipana zaidi, kwenye picha ya tano, kidole kinaporuka kutoka 19 hadi 30. Hapo jicho la mtazamaji limekikodolea kidole, na kiganja kinapanuka bila kushtakiwa.

Hakikisha shati linatoka nje ya fremu juu. Waya wa milimita 3 ushikwe huko na mkono wa chuma wa stendi nzito, nje ya picha. Hutakuwa na waya wa kufuta kwenye kompyuta, na hilo peke yake linakuokolea siku nyingi.

4. Kamera na taa

Kila kilicho cha kujiendesha kizimwe. Kujiendesha huko ndiko chanzo cha kosa la kwanza la kila mtu: picha inayopepesa, mara inang'aa, mara inafifia.

Anza na ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) ya 100, tundu la lenzi f/8, shata (muda wa kuingiza mwanga) kati ya robo na nusu sekunde. Shata ndefu inameza kupepesa kwa taa kunakotokana na umeme wa nyumbani, na kitu kilichotulia hakitoki na ukungu. Rangi ya mwanga iwekwe kwa namba, si kwa kuiachia kamera: Kelvini 3200 kwa taa za manjano, 5600 kwa taa nyeupe kama mchana. Fokasi iwe ya mkono, na pete ya lenzi ibandikwe utepe. Kitulizo cha mtikisiko ndani ya lenzi kizimwe, kwa sababu kamera ikiwa juu ya stendi kinaweza kuhamisha taswira kidogo kati ya picha na picha.

Kama umeweka hayo yote na picha bado inapepesa kidogo, mkosaji huenda ni tundu la lenzi. Lenzi za kisasa hufunga tundu upya kwa kila picha, na halifungi sawa sawa kila mara. Dawa ni lenzi ya zamani yenye pete ya kuzungusha tundu kwa mkono. Ukikosa, fungua tundu lote, ambapo halina la kufunga, na ukubali eneo la fokasi kuwa jembamba.

Simu inatosha pia, ilimradi programu yake inaruhusu kufunga mwanga, fokasi na rangi. Iweke kwenye hali ya ndege, ichomeke chaji, na upige kwa rimoti. Ukigusa skrini umeshaisogeza.

Taa kuu iwe kushoto juu, umbali wa mita 1 hivi, na iwe kali, ili kivuli cha vidole kianguke kwenye kabati. Kivuli kinamhesabia mtazamaji vidole hata mkono ukiwa umegeuka. Upande wa kulia weka kadibodi nyeupe irudishe mwanga kidogo. Madirisha yazibwe kabisa. Washa taa dakika 20 kabla ya picha ya kwanza, na usitumie swichi ya kupunguza mwanga. Vaa nguo nyeusi: shati jeupe la mhuishaji hurudisha mwanga kwenye seti, na ukisimama leo kushoto kesho kulia, filamu itakuonyesha.

Miguu ya stendi ibandikwe sakafuni kwa gundi ya moto. Kama sakafu ni ya mbao, simama mahali pamoja kila unapopiga, maana mbao zinainama kwa uzito wako na kamera inainama nazo.

5. Kupiga

Unganisha kamera na programu inayoonyesha picha iliyopita kwa ufifi juu ya unayoiona sasa. Dragonframe ni ya kulipia na ndiyo inayotumika sana studio. Kwa simu kuna Stop Motion Studio. Kila shoti iwe na folda yake, na mafaili yapewe jina la shoti na namba: S03_0001, S03_0002. Mafaili ghafi ya megabaiti 25 kila moja yatafika gigabaiti 18 kwa filamu nzima, bila kuhesabu picha zilizoharibika. Nakili kila jioni kwenye diski ya pili.

Hapa ndipo uajabu unapotengenezwa, na unatokana na mwendo zaidi kuliko umbo. Droo inayovutwa na mkono inafunguka milimita 80 kwa picha 10, hivi: 2, 5, 8, 11, 14, 14, 11, 8, 5, 2. Huo ni mwendo wa kitu chenye uzito kinachovutwa na kiumbe. Lakini shoti ya 10, droo inapojifunga, isogeze milimita 8 kila picha, mara kumi, bila kuharakisha wala kupunguza, kisha ikome ghafla. Mtazamaji hatajua kwa nini nywele zimemsimama. Hakuna kilicho hai kinachotembea hivyo.

Kinyume chake, mkono usiuache ugande. Katika uhuishaji wa picha moja moja, kitu kilichotulia kabisa huonekana kimekufa. Mkono "unapofikiri", sogeza kidole kimoja nusu milimita kila picha ya tatu au ya nne. Baada ya kila kidole kipya kuota, simamisha mkono picha 8 kwa namna hiyo, kisha uendelee na kazi. Usiushtue. Mkono ukishtuka, filamu imekuwa kichekesho. Mkono ukiendelea kutafuta kifungo kana kwamba hakuna kilichotokea, hapo ndipo inapotisha.

Picha ikigongwa, usijaribu kurudisha kitu mahali pake kwa kukisia. Linganisha na picha iliyopita kwenye programu. Kama tofauti haizidi milimita moja, rudisha. Ikizidi, komea hapo, ingiza ile shoti ya akiba ya kishikio, na uanze upya kutoka pembe nyingine kidogo. Kupiga upya sekunde nne kwa hasira usiku wa manane huleta kugonga mara ya pili.

Plastisini inalainika chini ya taa. Kila baada ya saa moja zima, iache ipoe, futa vumbi na nywele kwa brashi. Nyeupe na rangi za ngozi ndizo zinazochafuka kwanza, hivyo nawa mikono kila unapotoka kugusa rangi nyingine.

Kama plastisini huna, sheria ile ile inafanya kazi kwa mkaa wa kuchorea. William Kentridge wa Afrika Kusini amejenga filamu zake juu ya karatasi chache tu: anachora, anapiga picha, anafuta sehemu, anachora tena, na alama za kufutwa zinabaki kama kumbukumbu ya mwendo. Kwa mkono wetu, kila kidole kingeacha mzimu wake. Ukitaka mstari mtupu, mtazame Mfaransa Émile Cohl, aliyefanya mwaka 1908 kitu kimoja kigeuke kingine kwa michoro 700 hivi, akichora mistari myeusi kwenye karatasi nyeupe, kisha filamu ikachapwa kinyume hadi mistari ikaonekana myeupe juu ya weusi.

6. Kuhariri na sauti

Fungua mradi wa fremu 24 na uingize picha kama mfuatano wa fremu 12 kwa sekunde. Programu nyingi, usipochagua mfuatano, huichukulia kila picha kama klipu ya sekunde kadhaa, na utashangaa filamu ya dakika moja imekuwa ya saa nzima. Zima pia uchanganyaji wa fremu. Ukiuacha, kompyuta inabuni picha za katikati na vidole vinakuwa na ukungu. DaVinci Resolve ina toleo la bure linalotosha kwa kazi hii, na kwa sauti Audacity haina shida.

Muziki uache. Muziki unamwambia mtazamaji ahisi nini, na filamu hii inaishi kwa kutomwambia. Rekodi kwanza sauti ya chumba kitupu, dakika moja, iwe chini ya filamu yote. Kisha droo: rekodi droo halisi ya mbao, maikrofoni iwe karibu sana, sentimita 10 hivi. Kwa kidole kinachoota, tafuta sauti ndogo, kavu na isiyohusika: kalamu ikifunguliwa kifuniko, au ngozi ya puto ikivutwa polepole. Sauti za majimaji zinachukiza upesi na zinazoeleka upesi zaidi.

Sauti ya mgongano iwekwe fremu ile ile vitu vinapogusana, au moja baadaye. Ikitangulia, sikio linaikamata mara moja. Mwishoni, droo ya tano ikijifunga, kata picha iwe nyeusi kwenye fremu ile ile, acha sekunde moja ya chumba kitupu, kisha weka ile sauti ya kidole mara moja. Kidole cha kumi hakionekani kamwe, na hakihitaji kutengenezwa.

Toa faili la pikseli 1920 kwa 1080, kwa H.264 (njia ya kubana video), kati ya megabiti 15 na 20 kwa sekunde. Kiwango kidogo kuliko hicho huparaganya ule ukuta wa kijivu uwe vipande vya mraba.

Kabla ya kuitoa, waonyeshe watu watatu wasiojua lolote, mmoja mmoja, na uisimamishe droo ya tatu inapoanza kufungwa. Uliza: sasa kitatokea nini? Wakijibu bila kusita, sheria imesomeka. Wakisita, tatizo karibu kila mara liko shoti ya 3: kidole cha sita kimeota sehemu ambayo hawakuwa wanatazama, au kimeota kabla droo haijafungwa kabisa. Sogeza kuota kwake kuwe fremu 6 baada ya sauti ya droo kugonga, na upige shoti hiyo moja upya, kidole kikiwa katikati ya fremu.